Achari tamu ya vitunguu: kwa nini imebaki ngumu, imetoa maji na imepanda povu

Dada mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Asalaam aleykum mwalimu. Nataka kupika achari tamu ya vitunguu, ile laini ya rangi ya kahawia, tule na mishkaki na mkate wa ufuta, na Ramadhani niwagaie jamaa. Maelezo niliyoyapata yanataka vitunguu vitamu ambavyo sie huku hatuna, nkatumia hivi hivi vyetu vyekundu. Nilitia kila kitu pamoja, vitunguu, sukari na siki, nkapika karibu saa nzima. Vitunguu vimebaki vinatafunika, maji maji, rangi ya waridi. Siki nilipunguza nusu maana mume wangu hapendi ukali. Mama mkwe akanambia nimimine mafuta juu isiingie hewa, nkaiweka kabatini. Wiki ya pili nafungua inatoa povu na harufu ya kuchacha. Nimekosea wapi, na je nikiichemsha tena inafaa?"

Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Naanza na la mwisho maana ndio la haraka. Usiichemshe, usiionje hata kwa ncha ya kidole, usimpe kuku wala paka, imwage, na chupa uikoshe kwa maji ya moto na sabuni. Najua inauma kumwaga kilo nzima ya vitunguu na sukari bei hizi, lakini hapa sitaki uwe na huruma na chakula.

Sababu ni hii. Povu uliloliona ni chachu, zimekuta sukari, zimekuta maji, zimekuta joto la nyumba, na siki haikuwa ya kutosha kuzizuia, basi zimejilia. Hizo si ndio zinazonitisha sana, kwani hizo angalau zinajionesha, unaona povu, unasikia harufu, unamwaga. Kinachonitisha ni kisichojionesha. Iko bakteria inaitwa Clostridium botulinum, mbegu zake zimo udongoni, na kitunguu kinaota udongoni, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemsha sufuriani kama tunavyochemsha majumbani. Zikipata mahali hapana hewa, hapana ukali wa kutosha, na pana joto la kawaida, zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo chakula kinaweza kuwa nayo na kisinuke wala kisibadilike rangi. Mpaka wa ukali wanaoutumia wataalamu wa chakula duniani ni pH 4.6, na kipimo hiki cha pH namba ikishuka ndio ukali unazidi, kwa hivyo chini ya hapo bakteria huyo haamki, juu ya hapo anaweza. Kitunguu peke yake kiko juu ya 5. Kinachokiteremsha chini ya mpaka ni siki, sio sukari, sio mafuta, sio kuchemsha sana. Sasa wewe siki umekata nusu, halafu umefunika kwa mafuta hewa isiingie, halafu kabatini. Yaani umemtengenezea nyumba.

Na hapa nataka niseme neno kuhusu mama mkwe wako, maana sitaki uende ukamwambia mtu mzima kakosea. Hakukosea kwa achari anayoijua yeye. Achari ya embe na ya ndimu zetu zina chumvi nyingi, tunda lenyewe ni kali, na linaanikwa juani mpaka linapungua maji, kwa hivyo mafuta juu yake yanasaidia kuzuia ukungu na hayana madhara. Achari tamu ya vitunguu ni kitu chengine kabisa, chumvi yake ndogo, kitunguu hakina ukali wake mwenyewe, na maji bado yamo. Ulinzi wote uko kwenye siki. Mafuta juu usitie tena.

Haya, tuje kwenye upishi.

Kwanza hilo la vitunguu vitamu likutoke moyoni. Maelezo mengi unayoyakuta yameandikwa na watu wa Marekani, na wao wanavyo vitunguu vyao maarufu, hasa vya Vidalia kule jimbo la Georgia, ambavyo vinaoteshwa kwenye ardhi ya mchanga yenye salfa kidogo, na jina lenyewe linalindwa na sheria ya jimbo tangu 1986, mkulima wa sehemu nyengine hawezi kuuza kitunguu chake akakiita hivyo. Watu wanadhani vile vina sukari nyingi kushinda vyetu. Hapana, utamu wake unatokana zaidi na kukosa ule mwasho. Kitunguu ukikikata, chembe zake zinapasuka, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana vinakutana na hapo ndipo inapotoka ile hewa inayokuliza na ule ukali unaopanda puani. Ardhi yenye salfa kidogo inatoa kitunguu chenye mwasho mdogo, basi mtu akikila kibichi anauhisi utamu uliokuwepo siku zote. Lakini wewe unapika, na mwasho unakufa motoni. Kitunguu chetu chekundu kinachoshuka bandarini kutoka bara, cha Mang'ola, cha Singida, cha Ruaha Mbuyuni, ni kitunguu cha kukaa ghalani, kina maji kidogo kushinda vile vya kula vibichi, na kwa achari ya kupika muda mrefu hicho ndicho ninachokipendelea. Ukiletewa leo vile vya Georgia na hivi vyetu vya soko la Darajani ukaniambia nichague vya kupikia achari, nachukua vya Darajani.

Cha kuangalia sokoni ni shingo. Bonyeza pale juu panapotoka majani, pawe pakavu na pamekaza. Pakiwa laini, ukakikata utakuta ndani tabaka moja limeshaoza kahawia wakati nje kinang'ara, na tabaka moja kama hilo linaharibu ladha ya sufuria nzima. Masika ndio mbaya zaidi, vitunguu vinafika vimelowa, vinaota, bei imepanda, na mie nakushauri ukitaka kupika kingi kwa ajili ya Ramadhani usingoje mvua zikolee kama miezi itaangukia huko.

Sasa la vitunguu kubaki vigumu, na hapa ndipo penye jawabu lako khasa, maana ugumu, maji maji na ile rangi ya waridi yote ni ugonjwa mmoja. Umetia siki mapema.

Kuta za chembe za kitunguu zimeshikwa na kitu kinachoitwa pektini, hiyo hiyo inayogandisha jamu. Moto unaiyeyusha pektini taratibu na kitunguu kinalainika, lakini ukitia kitu kikali pektini inakaza, haitaki kuachia, na sukari ikiwa nyingi inazidi kuisaidia kukaza. Hili unalijua tayari jikoni kwako, maharage ukiyatia tungule au ukwaju kabla hayajawiva unaweza kuyapika mpaka makaa yaishe na bado yanakukodolea macho. Ndio hivyo hivyo. Ukisha kutia siki, kitunguu kilipofikia ndipo kitakapobaki, hata ukipika masaa.

Rangi ya waridi nayo ni ya siki, ile rangi ya zambarau ya kitunguu ikikutana na ukali inageuka pinki. Na kahawia haikuja kwa sababu kahawia inataka sehemu kavu yenye moto zaidi ya maji yanayochemka, na wewe sufuria yako tangu mwanzo ilikuwa imejaa maji ya siki na maji ya kitunguu chenyewe. Kitunguu kibichi ni karibu asilimia 89 maji. Sukari yake ni kama gramu 4 kwa kila gramu 100, yaani kilo moja na nusu ya vitunguu ina takriban gramu 60 za sukari yake mwenyewe kabla hujatia hata punje. Yale maji yakitoka, sukari hiyo inabaki imejikusanya ndani ya kitunguu kidogo, halafu moto unaibadilisha inapata ladha ya ndani zaidi. Huo ndio utamu unaoutafuta. Sukari ya dukani kazi yake ni kung'arisha, kufanya rojo ishike na kusawazisha siki, sio kuwa utamu wenyewe. Watu wengi wanaitegemea sukari peke yake na ndio maana achari zao zinakuwa kama shira iliyotiwa vitunguu.

Kwa hivyo mpango ni huu, vitunguu kwanza mpaka viwive na viwe kahawia, sukari baadae, siki mwisho. Ukishika mpango huu hata ukibadilisha viungo unavyotaka itatoka.

Vipimo vyangu: vitunguu kilo moja na nusu vikiwa vimeshamenywa, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari gramu 250, na siki mililita 450 yenye ukali wa asilimia 5. Hiyo asilimia isome kwenye chupa, imeandikwa kwa maandishi madogo, na zipo za 4 na zipo ambazo hazikuandikwa chochote, hizo ambazo hazikuandikwa ziwache kwa kuoshea masinki. Siki ya kujitengenezea nyumbani pia usitumie kwa kazi hii hata ikiwa nzuri, huwezi kujua ukali wake. Na ile asidi kali ya kuchanganya mwenyewe na maji usiiguse. Maelezo mengine ya kigeni yanataka siki ya mvinyo au mvinyo wenyewe, huna haja nayo, siki nyeupe ya kawaida inatosha, na ukipata ya tufaha basi nzuri zaidi maana ina ladha yake.

Sufuria isiwe ya alumini. Najua sufuria zetu nyingi ndio hizo, lakini siki inaila alumini, achari inapata ladha ya bati na sufuria yenyewe inatoboka vidoa vyeusi. Tafuta ya stili, pana, yenye kitako kizito, maana pana ndio maji yanapata njia ya kutoka.

Kata vitunguu nusu duara, upana kama wa kijiti cha kibiriti, si vyembamba kama vya kachumbari. Usisage kwa blenda, nakuomba, ukisaga unapasua chembe zote kwa mpigo, mwasho unakuwa mwingi, maji yanatoka yote mara moja na mwisho unapata uji mchungu. Blenda ina kazi zake, sio hii.

Teleka sufuria moto wa kati, tia mafuta, tia vitunguu vyote na chumvi, geuza mpaka kila kipande kimepata mafuta, halafu funika kama dakika 20. Chumvi inavuta maji nje, utaona vimejaa nusu ya sufuria halafu vinashuka, vinakaa kwenye maji yao wenyewe. Usitie maji. Baada ya hapo funua, na usifunike tena. Sasa punguza moto. Kwa jiko la makaa toa vipande viwili vitatu na vilivyobaki vifunike jivu, kwa jiko la gesi weka mdogo kabisa, na kama hata huo mdogo ni mkali weka bati chini ya sufuria.

Sehemu hii inataka dakika 40 mpaka saa, na ndio sehemu ambayo watu wanaikatia njia. Usiende mbali. Sikiliza sufuria, mwanzo sauti yake ni ya kuchemka, ya maji, baadae inatulia, halafu inaanza kuchacharika kidogo kidogo kama kitu kinachokaangwa, hapo ujue maji yameondoka na mafuta ndio yanayofanya kazi. Kuanzia hapo geuza kila baada ya dakika mbili tatu. Chini patafanya ukoko wa kahawia. Usiuogope na usiuwache ukawa mweusi, nyunyizia maji kijiko kimoja, ukwangue kwa mwiko wa mti, utayeyuka na kuingia kwenye vitunguu, na rangi ya sufuria nzima inabadilika mbele ya macho yako. Ufanye hivyo tena na tena kila ukoko ukishika. Ukoko ule ndio ladha, wallahi, mtu anaeukwepa kwa kumwaga maji mengi mwanzo hadi mwisho anapata vitunguu vya kuchemsha.

Umezoea kukaanga vitunguu vya biriani, sasa usije ukadhani ni kitu kimoja. Vya biriani unataka vikauke, mafuta mengi, moto mkali, vitoke vinalia. Hivi unataka vilegee, ukikichukua kimoja ukakibana baina ya vidole viwili kisambaratike bila ya nguvu. Usitie sukari mpaka kitunguu kimefika hapo. Ukiwa na shaka subiri dakika 10 zaidi, maana ukisha kutia sukari na siki mlango umefungwa.

Wako watakaokushauri utie bekingi soda vilainike haraka. Vinalainika kweli, na vinakuwa kahawia haraka kweli, lakini soda inapigana na siki, inakula ule ukali unaotulinda, na kitunguu kinakuwa lojo. Usitie.

Vikisha kuwa kahawia ya asali, tia sukari, koroga, wacha dakika 10 iyeyuke na ing'are. Ukipenda sukari guru tumia nusu kwa nusu, inaleta ladha nzuri sana na rangi ya giza. Halafu ndio siki, imimine yote mililita 450, usipunguze. Simama mbali kidogo ule mvuke wa mwanzo unapanda puani na machoni, fungua dirisha. Pandisha moto ichemke vizuri, halafu rudisha chini, iwache iende dakika 20 mpaka 25 bila kifuniko. Usiwe na wasiwasi kwamba siki inaruka yote, kinachotoka zaidi ni maji, ukali mwingi unabaki.

Kujua imefika, buruta mwiko katikati ya sufuria mpaka uone kitako, njia ile ikibaki wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, ndio rojo ijifunge, ipua. Ikijifunga hapo hapo, bado. Na usingoje mpaka iwe nzito kama unavyoitaka mezani, ikipoa inazidi kushika.

Viungo sasa, na hapa weye uko Pemba hunihitaji sana mie. Karafuu 4 tu kwa sufuria hii, sio kiganja. Chagua karafuu ambayo ukiibonyeza kwa ukucha inatoa mafuta, ile iliyokaa miaka mtungini imekauka ni kijiti tu. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usitie, yana uchungu wa mti. Kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, tangawizi kipande umeiponda, pilipili manga nusu kijiko cha chai umeitwanga nusu nusu, haradali nzima kijiko cha chai kimoja ukiwa nayo. Karafuu, mdalasini na tangawizi vifunge kwenye kitambaa cheupe safi, vitie pamoja na siki, na kabla ya kujaza chupa kitoe hicho kitambaa ukikamue. Ukiziwacha karafuu ndani zinaendelea kutoa, mwezi wa pili mtu akila ulimi unakufa ganzi na hakisikiki kitunguu wala nyama. Ukipenda ukali, pilipili mbuzi moja nzima juu juu bila kuipasua, uitoe mwisho.

Ukwaju? Kijiko kimoja viwili cha ukwaju mzito kinakaa vizuri sana na mishkaki, lakini kiwe cha nyongeza, sio badala ya siki, maana ukwaju huu na ule haulingani ukali. Ndimu hivyo hivyo. Ndimu ni kali kweli, lakini leo umekamua zilizowiva, kesho mbichi, huwezi kupima kwa ulimi kitu ambacho hatari yake haionjeki.

Sasa tumfikirie mume wako, na hapa kuna njia nzuri isiyogusa siki. Chukua tende laini 6 au 7, toa kokwa, zikate vipande vidogo, uzitie pamoja na sukari, na sukari uipunguze iwe gramu 200. Tende zinayeyuka, zinatia uzito, na ule ukali wa siki unauhisi mbali, lakini siki yote imo. Konzi ya zabibu kavu inafanya kazi hiyo pia. Na jambo la pili, usimpe siku uliyopika. Achari hii ikiwa mbichi siki inatangulia mbele, ikikaa frijini wiki moja au mbili ukali unatulia na viungo vinaingiana. Mpe siku hiyo umuulize.

Chupa. Tumia za glasi zenye kifuniko kinachofunga vizuri, chupa za jamu au za mayonezi zinafaa, kifuniko kisiwe na kutu ndani maana siki itamalizia iliyobaki. Zioshe, weka kitambaa kwenye kitako cha sufuria kubwa zisigongane zikapasuka, zifunikwe na maji, zichemke dakika 10, zitoe moja moja unapojaza. Jaza achari ikiwa ya moto kwenye chupa ya moto, wacha kidole kimoja cha nafasi juu, pitisha kijiti pembeni mapovu ya hewa yatoke, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, funga. Sufuria hii itakupa kama chupa 4 za saizi ya jamu.

Ikishapoa, frijini. Sio kabatini. Kwa vipimo hivi na mafuta yaliyomo na joto letu la hapa nnakwambia frijini, miezi miwili, na kila ukichota kijiko kiwe kikavu na kisafi, sio kile ulichokwisha kulia. Kupindua chupa kichwa chini kama watu wanavyofanya kunakaza kifuniko tu, hakugeuzi chakula cha friji kikawa cha kabati. Umeme ukikatika masaa kadhaa hakuna neno, siki imo, ukikatika siku nzima na zaidi ifunguliwe itazamwe, ikiwa na povu au ukungu hata kidogo yote inaondoka, usiengue juu ukala chini.

Kwa zawadi za Ramadhani pika wiki mbili kabla, andika tarehe kwa karatasi ya kubandika, na umwambie mtu kwa mdomo kwamba ni ya friji, maana Mpemba akipewa kitu kwenye chupa moja kwa moja anakiweka na achari ya ndimu pale juu ya kabati. Asiye na friji mpe kidogo ya kumaliza siku moja mbili.

Kuila, mishkaki na mkate wa ufuta umeshasema mwenyewe, nami naongeza samaki wa kukaanga, hasa changu, kijiko pembeni, na muhogo wa kuchemsha. Kwenye katlesi za mbatata pia, badala ya chatne. Pilau sikushauri, pilau ina vitunguu vyake na viungo vyake, inataka kachumbari kali.

Na kama baadae utafikiria kuuza, kwa sababu najua ikitoka nzuri majirani watakuuliza bei, hapo hesabu inabadilika. Utahitaji kipimo cha pH cha mashine ndogo, sio karatasi peke yake, na kila sufuria uchote kidogo, ipoe, uisage hiyo uliyochota ndio uipime, ikae 4 au chini ya hapo, na utoe mafuta kwenye mapishi. Halafu uende Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na Taasisi ya Viwango Zanzibar wakueleze usajili na lebo kabla hujachapisha hata stika moja. Ukifika hatua hiyo niandikie tena unambie una jiko gani na unapika kilo ngapi kwa mara, maana sufuria ya kilo 10 haipikwi kwa kuzidisha vipimo hivi tu, vitunguu vikijaa sana maji hayapati pa kutokea, inabidi uvikaange kwa mafungu na siki ndio uitie vikishakuwa pamoja.